Furaha ya Mke Mwenza Haiamrishwi

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, katika baadhi ya nyumba zetu mke huambiwa kwamba angekuwa na imani ya kweli angefurahi mumewe anapooa mke mwingine. Akilia, huhesabiwa kuwa ameipinga sheria ya Allah. Hukumu hiyo haina msingi katika mwenendo wa Mtume (s.a.w.).

Imepokewa katika Sahihi Bukhari, kutoka kwa Anas (r.a.), kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, na mke mwingine akampelekea sahani ya chakula kwa mkono wa mtumishi. Mwenye nyumba akaupiga mkono ule, sahani ikaanguka na kuvunjika. Mtume (s.a.w.) akaokota vipande, akakikusanya chakula, na akawaambia waliokuwapo kuwa mama yao ameshikwa na wivu. Kisha sahani nzima ya nyumba ile ikapelekwa kwa yule aliyevunjiwa yake.

Tuzingatie mambo mawili. Wivu wa bibi yule haukuitwa unafiki. Ulitajwa kwa jina lake, wala hakukaripiwa. Hata hivyo, haki ya mwenzake haikupotea: sahani ililipwa.

Basi linalotakiwa kwa mke ni kutodhulumu. Bi Aisha (r.a.) aliposingiziwa uchafu, Bi Zainab bint Jahsh (r.a.) ndiye aliyekuwa akishindana naye kwa cheo mbele ya Mtume (s.a.w.), na Hamna, nduguye Bi Zainab, aliingia katika uzushi ule. Lakini Bi Zainab alipoulizwa, alisema hajui kwa mwenzake ila kheri. Bi Aisha mwenyewe alikuja kumsifu kwa ucha Mungu huo.

Ama mume, mzigo wake ni mzito zaidi. Suratun-Nisaa, aya ya 3, humwamuru anayeogopa kutofanya uadilifu atosheke na mke mmoja. Aya ya 129 hutanabahisha kuwa uadilifu kamili baina ya wake hauwezekani, hivyo asielemee upande mmoja kabisa akamwacha mwingine kama aliyetundikwa. Mapenzi ya moyo hayapimiki, lakini zamu, chakula, mavazi na makazi hupimika. Anayeoa kwa siri, mkewe akamjua mwenziwe siku ya matanga au ya kugawa mirathi, ana uso gani wa kumdai mtu furaha?

Furaha ya kumwona mke mwenza akipendwa na kuheshimiwa ipo, na wapo waliojaaliwa nayo, wakaleleana watoto na kuuguzana. Hiyo ni tunu itokayo kwa Allah. Huota penye haki, wala haiji kwa karipio. Kila mume na aanze kwa kulipa sahani iliyovunjika nyumbani mwake.

Wabillahi tawfiq.