Mkulima asiuze lishe ya watoto wake

MIKOA ya Iringa, Njombe na Rukwa inasifika nchini kwa mahindi, maharage, viazi na mbogamboga. Chakula kingi kinacholiwa mijini hutoka huko. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa walikuwa wamedumaa. Njombe na Rukwa ilikuwa takriban asilimia 50, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30.

Ni jambo la kusikitisha kwamba wanaolisha nchi ndio wenye watoto waliodumaa. Sababu ni nyingi, yakiwamo maradhi, maji yasiyo salama na mzigo wa kazi unaowabana akina mama. Lakini ipo moja iliyo mikononi mwetu: tunauza kilicho bora na kubaki na kinachojaza tumbo tu.

Trei la mayai linakwenda mnadani, maziwa yanachukuliwa na mchuuzi na maharage yanauzwa hadi debe la mwisho. Jioni baba anarudi na soda na biskuti, na watoto wanashangilia. Soda ya kola ya kawaida ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa ni bora zaidi mtu mzima asivuke gramu 25 hivi za sukari inayoongezwa kwa siku nzima. Kwa hiyo tumetoa yai lenye protini, tumepokea sukari, na juu yake tumelipa.

Hatusemi mkulima asiuze. Ada ya shule na mbolea vinahitaji fedha. Tunachosema ni kwamba atenge kwanza, ndipo auze. Hakuna mkulima makini anayeuza mbegu yake yote kwa sababu bei imepanda. Lishe ya mtoto nayo ni mbegu, na miaka yake miwili ya kwanza ikipita hivi hivi, ni vigumu sana kufidia.

Kutenga huko hakuhitaji utajiri. Baba na mama wakae pamoja kabla ya mnunuzi kufika, wakubaliane ni magunia mangapi ya maharage yatabaki, mayai mangapi kwa wiki, na maziwa kiasi gani kwa siku. Uji wa mtoto usiwe wa mahindi matupu, bali utiwe maziwa au karanga zilizosagwa. Mchicha na kisamvu viliwe pamoja na chungwa au papai, kwani matunda hayo huusaidia mwili kupata madini ya chuma. Chai inywewe mbali na mlo, kwa kuwa hupunguza madini hayo.

Tunashauri pia dona irudi mezani. Sembe huondolewa ganda na kiini, ambamo ndimo yalimo mafuta, vitamini na madini mengi ya mahindi. Lakini dona inataka mahindi safi. Yaanikwe juu ya turubai na si ardhini, yakauke vizuri, na punje zenye ukungu zitupwe, maana sumukuvu si jambo la mzaha. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Wafanyabiashara wadogo nao wana nafasi yao. Mwenye duka anaweza kuweka karanga, mtindi na ndizi mbivu pale mbele anapopanga biskuti. Mama lishe anaweza kuongeza mboga na kipande cha tunda kwenye sahani. Bidhaa hizo zinatoka kwa jirani, hivyo fedha inabaki kijijini.

Maofisa ugani na maofisa lishe wa halmashauri wasifanye kazi kila mmoja kivyake. Anayemfundisha mkulima kuongeza mavuno amfundishe pia kuyala.

Msimu huu, kabla gunia la mwisho halijashonwa, kila mkulima ajiulize swali moja: watoto wangu wamebakiwa na nini?