Mteja akikutumia picha ya taa ya oili, usikimbilie kumtajia bei ya swichi

Wadau wa spea mtandaoni, leo nina neno na ninyi. Mtu wa Muleba anakutumia picha ya dashibodi, ile taa nyekundu ya kibirika inawaka, chini ameandika: "Waitu, swichi ya oili ya Probox bei gani?" Unamtajia bei, anatuma hela, unakimbia stendi ya Bukoba kumpa dereva wa Hiace mzigo. Umemaliza. Mimi nasema hapo hatujauza, tumecheza kamari na injini ya mtu.

Ile taa wengi wanaisoma kuwa oili imepungua. Hapana, inaonyesha presha. Oili inaweza kuwa imefika alama ya juu kabisa ya dipstiki na bado haifiki kwenye beringi za krenki kwa nguvu inayotakiwa. Chuma kikianza kusuguana na chuma, injini haichukui muda kunoki. Kwa hiyo jibu la kwanza si bei. Jibu ni: "Zima gari, usiendeshe kuja mjini." Muleba mpaka Bukoba ni zaidi ya kilomita 60, na vilima vyake mnavijua. Akija nayo hivyo hivyo, swichi yako mpya itafungwa kwenye injini iliyokufa.

Halafu muulize. Amepima oili gari likiwa sehemu tambarare, limezimwa dakika tano hivi? Mwambie apige picha ya dipstiki, si dashibodi tu. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikinuka petroli, imekuwa nyepesi. Ikiwa chini ya alama ya chini, hapo kuna jambo la kutafuta: inavuja wapi, au injini inaila?

Swali ninalolipenda zaidi ni hili: taa inawaka wakati gani? Majibu yake yanasema mengi kuliko picha kumi. Kama inawaka akipanda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu na mzigo wa ndizi, au akikata kona, kisha inazima kwenye tambarare, mara nyingi oili ni kidogo na inakimbilia upande mmoja wa sampu, pampu inavuta hewa. Kama inawaka injini ikishapata moto na gari likiwa sailensa, lakini akikanyaga mafuta inazima, hapo fikiria oili iliyochoka, pampu, au beringi zilizolika. Kama asubuhi inachelewa sekunde kadhaa kuzima, angalia filta. Za bei ya kutupa mara nyingi vali yake ya kuzuia oili isirudi chini haishiki. (Na hizo filta tunaziuza sisi wenyewe, tusijifanye hatujui.) Kama injini inagonga, hakuna cha kuuza siku hiyo. Mwambie asiiwashe tena.

Na kuna moja watu hawaulizi kabisa: ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa inawaka? Isipowaka, swichi, waya au balbu vimekufa, na mwenye gari anatembea bila mlinzi. Huyo ndiye anahitaji kukaguliwa haraka kuliko hata yule mwenye picha.

Baada ya maswali, kipimo. Hapa ndipo nabishana na mafundi wengi, na sitaacha. Kusikiliza kwa sikio haitoshi. Unafungua swichi ya oili, unafunga geji kwenye tundu lile lile, unapasha injini moto, unasoma. Kwa injini ya 1NZ-FE, iliyo kwenye Probox nyingi, ikiwa sailensa inatakiwa isishuke chini ya psi 4 hivi, na kwenye mizunguko 3000 iwe kati ya psi 22 na 80. Geji ikisoma vizuri na taa bado inawaka, sasa muuzie swichi kwa moyo safi, au aangalie waya. Geji ikisoma chini, swichi haina kosa. Sampu ishushwe, chujio la ndani lisafishwe, maana oili iliyokaa muda mrefu bila kumwagwa inaganda pale kama uji. Vali ya presha na pampu vinafuata. Beringi ziwe za mwisho, kwa sababu ndizo zenye gharama.

Kuna wanaoruka yote haya wakamuuzia mteja oili nzito ya 20W-50 au chupa ya dawa. Taa inazima kweli. Ila beringi iliyolika bado imelika, na sasa hakuna kinachomwambia dereva. Injini ile iliundwa kwa oili nyepesi kama 5W-30, na asubuhi ya baridi oili nzito inachelewa kufika juu. Mimi dawa hizo nimeacha kuziweka status.

Najua mtasema: kazi yetu ni kuuza, ufundi tuwaachie mafundi. Sawa. Lakini swichi ikifungwa na taa ikabaki, mteja hampigii fundi, anakupigia wewe. Anataka hela yake, mzigo urudi na nauli juu, na kwenye grupu la madereva anaandika kuwa unauza feki. Dakika tano za maswali ni nafuu kuliko hayo. Na mara nyingine zinakupa oda kubwa zaidi: aliyekuja kwa swichi anaondoka na filta ya uhakika na lita nne za oili, maana injini hiyo inachukua 3.7 pamoja na filta.

Ninyi mnaouza ndizi na samaki mkitumia Probox za kukodi, haya yanawahusu pia. Kabla hujapakia, mwambie dereva afungue swichi, uone taa inawaka na inazima.

Geji mimi naazimisha mafundi wa mjini kwa kuacha kitambulisho. Wewe unayeuza spea Muleba, Karagwe au Misenyi, mteja akikutumia picha ya ile taa, unamuuliza nini kwanza? Andika kwenye komenti.