Ndege za Kupotezwa

MIZANI YA JUMA
Na Khamis Mwinyikombo

Wanaoistaajabia ndege isiyo na rubani kwa ajili ya kombora ililolibeba wameangalia upande mmoja tu, kwani vitani nguvu yake kubwa aghalabu imekuwa ghiliba, na ghiliba hiyo huwezekana kwa kuwa jemadari aweza kuipoteza ndege hiyo pasipo kumzika mtu. Juni 1982, katika bonde la Bekaa huko Lebanon, Waisraeli walizitanguliza ndege za namna hiyo zikijifanya ndege za vita. Wasyria wakawasha rada na kufyatua makombora, na papo hapo mitambo yao ikajulikana ilipo, ikapigwa.

Hila hiyo ilirudi katika vita vya siku 44 vya Nagorno-Karabakh, baina ya Azerbaijan na Waarmenia, vilivyoanza tarehe 27 Septemba 2020. Azerbaijan ilizitwaa Antonov An-2, ndege kuukuu za mbawa mbili mbili, za namna iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1947 na kuzoeleka kunyunyizia mashamba dawa, ikazirusha bila ya mtu ndani. Zilikwenda taratibu kama mzee anayekatiza uwanja wa mpira, na mtambo wa Kiarmenia uliozifyatulia ulikuwa umekwisha kujifichua, ilhali huko juu Bayraktar TB2 ya Kituruki ilikuwa ikitazama, au Harop ya Kiisraeli, ambayo huzunguka ikivizia, kisha ikajibwaga yenyewe juu ya shabaha. Picha za mashambulizi Azerbaijan ilizitangaza kila uchao. Zile Antonov, zilizotumwa kufa, hazikupata hata shukrani.

Wako waliohukumu kuwa zama za askari wa miguu zimekoma. Siafiki hata kidogo: Shusha, mji wa juu ya majabali uliokata shauri la vita vile, ulitwaliwa Novemba na watu walioparamia magenge kwa mikono na miguu yao.

Kilichogeuka ni hesabu ya watawala, na hiyo ndiyo inayonitia hofu, maana serikali iliyokuwa ikisita kwa kuchelea majeneza ya vijana wake sasa haina cha kuisitisha. Tayari Novemba 2002, kwa ndege isiyo na rubani iitwayo Predator, Marekani ililiteketeza gari moja katika jimbo la Marib, Yemen, nchi ambayo haikuwa na vita nayo. Wakafa watu sita, na mmoja wao alikuwa raia wa Marekani yenyewe, ambaye hakupata kusimamishwa mbele ya kadhi wala hakimu.