Tusiwafungie Watu Midomo

Kutoka Kapsoit kuteremka hadi Kiptere na Sondu, na upande wa pili kutoka Litein hadi Bomet, umeingia mtindo ambao hatuna budi kuukemea kabla haujawa mila. Watu wanaitwa wasikilize, lakini kujibu wananyimwa. Kundi la WhatsApp la kituo cha kununulia majani chai lilianzishwa ili wakulima waulizane habari za mbolea, lori na malipo. Siku moja wanaamka na kukuta limefungwa: msimamizi peke yake ndiye anayeandika. Uwezo huo uliongezwa na wenye WhatsApp mwaka wa 2018, na haukukawia kuwapendeza wenye vyeo. Leo makundi ya wazazi, ya kanisa, ya chama na ya wadi yamekuwa mbao za matangazo. "Mkutano umeahirishwa." Kwa nini? Hakuna pa kuulizia. "Makato yameongezwa." Kiasi gani, na kwa idhini ya nani? Kimya.

Mikutano nayo imefuata mkondo huo. Mkulima anatoka nyumbani alfajiri, anaketi juani, anahutubiwa na mgeni baada ya mgeni, kisha saa nane inatangazwa kwamba muda umekwisha na maswali yatajibiwa siku nyingine. Siku hiyo haifiki. Sisemi kiwanda fulani wala shule fulani. Nasema tabia, na tabia hii imeenea.

Najua wanaofunga wana sababu zao, na baadhi ni nzito. Yupo mtu asiyeweza kuandika mistari miwili bila tusi. Yupo anayeleta siasa katika kundi la mbolea. Na sisi tulio jirani na Sondu, mpakani mwa Kericho na Kisumu, ambako watu wamepigana zaidi ya mara moja, hatuhitaji kufundishwa kwamba neno la uongo linaweza kuua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai ya Kericho walitimuliwa kwa sababu ya kabila lao, na nyumba zikateketezwa. Redio za lugha za mama zililaumiwa kwa maneno ambayo wapigaji simu waliachiwa wayaseme hewani. Lawama hizo hazikuwa za bure.

Lakini tutazame kilichofuata. Tarehe 30 Desemba 2007, waziri wa usalama wa ndani wa wakati huo, marehemu John Michuki, alipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na marufuku hayo yakadumu hadi mwanzoni mwa Februari 2008. Je, damu iliacha kumwagika? Januari nzima watu waliendelea kuuawa na kufukuzwa makwao. Kilichozimwa ni sauti iliyosikika na wote, ambayo mtu mwenye busara angeweza kuipigia simu na kusema, "Hayo si kweli, mimi niko hapa sokoni na soko liko wazi." Uvumi wenyewe haukuzimwa. Ulihamia kwenye ujumbe mfupi wa simu, ukapita kutoka mfuko hadi mfuko bila mtu wa kuukanusha mbele za watu. Dawa ilikuwa kumshika mchochezi mwenyewe, na ndiyo maana mwaka huohuo wa 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, kisha inaweka nje ya uhuru huo uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki. Haikusema kwa sababu ya mmoja wanyamazishwe wote.

Tukija kwenye chai, kosa ni kubwa zaidi. KTDA, shirika la kusimamia chai ya wakulima wadogo, ilipoundwa mwaka wa 1964 ilikuwa mamlaka ya serikali; mkulima mdogo alipanda, akachuma, akangoja kuambiwa. Mwaka wa 2000 iligeuzwa kampuni, na viwanda vikawa vya wakulima wenyewe, ambao leo ni zaidi ya 600,000 nchini. Mkurugenzi huchaguliwa nao. Karani hulipwa kwa majani yao. Hata soda anayokunywa mgeni wa heshima inatoka kwenye kilo zao. Sasa iweje mwenye mali anyamazishwe na mwajiriwa wake?

Bonasi ya mwaka wa 2025 ilipotangazwa, wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa walipata kidogo kuliko wenzao wa mashariki, na hasira ikapanda Kericho na Bomet. Huenda maelezo yapo: ubora wa majani, bei ya mnada wa Mombasa, gharama za kiwanda, thamani ya shilingi mbele ya dola. Lakini maelezo yanayotolewa na upande mmoja tu hayaaminiki, hata yakiwa kweli tupu. Mkulima aliyeuliza kuni ziligharimu nini, na chai iliyobaki ghalani ni kiasi gani, akajibiwa kwa tarakimu, ataondoka na hasira yake lakini pia na ukweli. Asiyeruhusiwa kuuliza ataondoka na hasira pekee, naye ataipeleka barabarani. Wasimamizi wa viwanda wanaoogopa maswali ya ukumbini wangepaswa kuyaogopa zaidi yale ya barabarani.

Mahakama zetu zimeligusa jambo hili. Aprili 2014 Jaji George Odunga alibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliona kwamba Bunge lilipaswa kuwaeleza wananchi kwa nini maoni yao juu ya Sheria ya Fedha ya 2023 yalikataliwa. Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo Oktoba mwaka huohuo, na hiyo ndiyo sheria. Hata hivyo, kwa mwenye kuongoza kikao cha wakulima, naona hoja ya majaji wa rufaa ni ya haki: aliyekupa maoni yake anastahili jibu.

Wazee wa Kipsigis hawakungoja Katiba. Katika kokwet, kikao cha majirani, boiyot ab kokwet, mzee aliyekiongoza, aliwaacha wazee waseme kwa zamu, na shauri likichukua siku nzima hakuna aliyelalamika. Kasoro ilikuwepo, na tuitaje: wanawake na vijana hawakupewa nafasi ile, ilhali leo mikono yao ndiyo inayochuma sehemu kubwa ya majani haya. Turudishe subira ya kokwet, kasoro yake tuiache hukohuko.

Basi nawaomba nyinyi mliokabidhiwa vikao na makundi. Anayetukana aonywe, akirudia atolewe, wenzake mia mbili wasiadhibiwe kwa kosa lake. Kama fujo ni za usiku, fungeni usiku, mfungue asubuhi. Katika mkutano, maswali yatangulie hotuba za wageni, yaandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na majibu, na mkutano unaofuata uanzie hapo. Mama aliyeketi nyuma na mtoto mgongoni apewe kipaza sauti kabla ya mheshimiwa, naye aseme kwa Kipsigis ikiwa Kiswahili kinamkwamisha.

Nanyi mnaodai nafasi, itumieni kiungwana. Taja jina lako. Uliza linalohusu kikao, na usisambaze usilolithibitisha, hasa likiwahusu majirani zetu wa ng'ambo ya Sondu. Anayegeuza kundi la kituo kuwa uwanja wa matusi ndiye anayempa msimamizi kisingizio cha kulifunga, na wanaoumia ni wale wasiosema neno.

Na wewe msimamizi uliyelifunga, lifungue leo kabla lori la majani halijafika kituoni, na swali la kwanza litakaloingia ulijibu kwa jina lako.