ARDHI YA KIJIJI SI TANGI LA MAFUTA YA WENGINE

Ndugu wanachama, na wananchi wote wa Mugoma, Ngara na Biharamulo,

Liko jambo ambalo hatuna budi kulisema waziwazi kabla halijatufikia mlangoni. Gari la dizeli laweza kwenda kwa mafuta ya mimea. Hilo ni kweli, wala hatubishani nalo. Tunachouliza ni hiki: mafuta hayo yatoke katika ardhi ya nani, na yaendeshe mashine ya nani?

Mwaka 1900, katika Maonyesho ya Paris, injini ndogo ya Rudolf Diesel ilionyeshwa ikienda kwa mafuta ya karanga. Diesel mwenyewe alieleza mwaka 1912 kwamba fikra hiyo ilitoka kwa Serikali ya Ufaransa: karanga zalimwa kwa wingi katika makoloni ya Afrika, basi makoloni yaendeshe mashine zao kwa mafuta yao. Tazameni ajabu hiyo! Hata mkoloni wa 1900 aliona kwamba mafuta ya karanga yangefaa kazi pale pale karanga zinapoota.

Waliomfuata waliisahau hata haki hiyo ndogo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa nini? Kwa sababu jiko la Mwingereza lilipungukiwa mafuta baada ya vita. Matrekta yakaletwa, vichaka vikang'olewa, mvua ikakataa, udongo wa Kongwa ukakauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimepotea. Mgogo wa Kongwa hakuwa na kura katika jambo hilo.

Je, tulipojitawala mchezo huo ulikwisha? La hasha! Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulijiwekea shabaha: ifikapo 2010, asilimia 5.75 ya mafuta ya vyombo vyao vya usafiri yawe ya mimea na mengine ya namna hiyo. Mashamba ya kutosha kwao hawana. Wakaanza kutazama huku kwetu, na mbono, mti wetu wa ua na wa makaburini, ukapewa sifa kama dhahabu.

Kampuni ya Kiingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe, ardhi ya vijiji 11, kwa miaka 99. Wanakijiji waliahidiwa kazi, maji na maendeleo. Mwaka 2011 kazi ilisimama na wafanyakazi wakaachishwa. Kilwa, kampuni ya Kiholanzi BioShape ilichukua ardhi ya vijiji 4, Mavuji kikiwamo. Ikakata miti ya msituni, kisha ikafilisika mwaka 2010. Mwongozo wa Serikali juu ya mafuta ya mimea ulitoka mwaka huo huo wa 2010, ardhi ikiwa imekwisha gawiwa! Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

Wako watakaotujibu: "Mwekezaji huleta kazi." Twawajibu: na Kisarawe kazi ilikuwako. Mshahara ulikwisha, lakini hati ya ardhi ilibaki mikononi mwa wengine. Ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya kawaida ili apewe mwekezaji, kampuni ikifa haijirudii yenyewe kijijini. Basi kila mwanachama aijue Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Jambo la namna hii lazima lifike katika mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa watu wazima wote, wanawake kwa wanaume. Si wa mwenyekiti na wageni wake waliokuja na gari.

Je, basi tuutupe mbono? Hapana. Sisi tulio mbali na bandari ndio tunaouhitaji zaidi. Dizeli ya Ngara husafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, na kila anayesoma bei kikomo za EWURA aona kwamba walio mbali hulipa zaidi. Mama anayesaga mahindi kwa mashine ya dizeli ndiye anayelipa safari hiyo, debe kwa debe.

Mbono waota katika ua. Mbuzi hawauli, na mafuta yake ni sumu, kwa hiyo hayagombaniwi na sufuria. Kwa mashinikizo ya mkono, kilo 4 au 5 za mbegu hutoa lita moja. Mafuta hayo ni mazito: yataka kuchujwa vizuri na kupashwa moto, na injini iwashwe na kuzimwa kwa dizeli ya kawaida ili isizibe. Injini nzito za zamani za mashine za kusaga huyavumilia. Gari jipya lenye pampu nyororo huharibika, na gari la petroli haliyawezi kabisa. Wala msidanganywe kwamba mbono huzaa sana katika ardhi kavu isiyo na rutuba. Uongo huo ndio uliowafilisi wengi.

Lakini mafuta ya alizeti, ya karanga na ya mawese yasiguswe. Nchi yetu bado yaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje. Kuyachoma katika injini hali watoto wanakula mboga ya chumvi tupu ni aibu.

Basi twasema hivi. Mbono upandwe katika ua, usipandwe mahali pa migomba wala maharage. Mbegu zikusanywe na ushirika wa wanakijiji wenyewe, na mchumaji alipwe bei iliyopatanwa mkutanoni. Lita ya kwanza iende kwenye mashine ya kijiji. Ikibaki ziada, tutauza, na bei tutaitaja sisi.

Na siku wakala akija na karatasi zake, awe anahubiri mbono au mti mwingine wenye jina jipya, aelekezwe kwenye mkutano mkuu. Huko atatukuta tumekaa, na sheria tumeisoma.

Ardhi kwanza!