Kemia Imo Jikoni, na Maneno Yake Yapo

Walimu wetu wengi hulalamika kwamba shule zao hazina maabara, na kwamba kwa sababu hiyo hawana budi kufunza kemia kwa chaki na ubao. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, upo upungufu mwingine ambao kuuondoa hakuhitaji fedha, nao ni wa lugha.

Tuchukue jaribio ambalo mwalimu yeyote wa shule ya msingi anaweza kulifanya. Manjano ya kupikia yakorogwe kwa maji kidogo, yapakwe kwenye kitambaa cheupe, kisha kitambaa kianikwe kikauke. Magadi yayeyushwe katika maji, na matone machache yadondoshwe juu yake. Papo hapo rangi hugeuka ikawa nyekundu iliyoiva, ile tunayoiita damu ya mzee. Ndimu ikikamuliwa mahali pale pale, umanjano hurejea. Ndimu hiyo ikikamuliwa ndani ya bilauri yenye maji ya magadi, povu hufura kwa sababu ya hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka.

Hapo mtoto ameona asidi katika ndimu, alkali katika magadi, na manjano yakiwa kiashiria kinachozitenganisha mbili hizo. Ajuaye maana ya kuashiria hahitaji kukariri kiashiria ni nini. Kadhalika, mtoto anayejua kwamba uji umechacha, na kwamba hamira huumua unga wa mahamri, amekwisha kuushika mzizi wa neno uchachushaji. Na yule wa Magharibi mwa Kenya aliyemwona nyanya yake akichuja majivu ya maganda ya maharagwe ili apate munyu wa kulainishia mboga, ameshuhudia uyeyushaji na uchujaji kabla hajaingia darasani.

Lakini je, shuleni tunafanyaje? Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka wa 1976 kwamba watoto wa madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha ya eneo la shule, na mtaala wa umilisi umeuendeleza msimamo huo hadi Gredi ya Tatu. Katika Gredi ya Nne, pale hasa Sayansi inapoanza kusimama kama somo, Kiingereza hushika usukani. Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyeliona povu kwa macho yake hunyamaza akiulizwa limetoka wapi. Jibu analo, asilokuwa nalo ni ulimi wa kulisemea. Mwalimu naye humdhania kuwa mzito wa akili.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Dai hilo limepitwa na wakati. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, na shule za msingi za umma nchini Tanzania hufundisha Sayansi kwa Kiswahili.

Wengine watasema kwamba mtihani utakuwa wa Kiingereza. Ni kweli. Basi mtoto na aeleze kwanza kwa Kiswahili alichokiona na sababu yake, kisha apewe majina ya Kiingereza. Kumpa jina la kitu anachokielewa ni kazi ya dakika chache. Kumkaririsha jina la kitu asichokielewa ni kazi ya mwaka mzima, na mtihani ukiisha jina nalo hutoweka.

Isitoshe, suala hili ni la usalama pia. Jiki haipaswi kamwe kuchanganywa na siki wala ndimu, kwani mchanganyiko huo hutoa klorini, hewa yenye sumu. Onyo kama hilo halistahili kutolewa kwa lugha ambayo mtoto ataielewa nusunusu.

Wito wangu kwa walimu, na kwa walimu tarajali walio vyuoni, ni huu: magadi, manjano na ndimu vipatikane darasani angaa mara moja kila muhula, na watoto waachwe waulize kwa lugha waliyo nayo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Tunaowanyima watoto lugha ya kuulizia ndio tunaoulea ujinga huo.