Deni lisomwe kwanza, wakili alipwe baadaye

Mfanyabiashara wa viazi kule Ol Kalou anapozidiwa na madeni, mara nyingi hukimbia kukopa tena, safari hii kwa shemeji, apate pesa za wakili wa kumtangaza kuwa amefilisika. Huko ni kuongeza deni juu ya deni, na huenda wakili mwenyewe hakuhitajika.

Sheria ya Ufilisi ya 2015 haikuwatia wadaiwa wote kapu moja. Mtu asiye na mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa, ambaye jumla ya madeni yake ni kati ya Sh100,000 na Sh4 milioni, na hajawahi kutangazwa kufilisika, anaweza kupeleka ombi lake kwa Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia mambo hayo. Si lazima aende mahakamani. Akikubaliwa, kwa kawaida husamehewa madeni hayo baada ya miezi 12. Kulipa ada ya kesi ya Mahakama Kuu kwa shughuli kama hiyo ni sawa na kukodi trekta kulima kibustani cha sukuma wiki.

Wanaoumia zaidi ni waliokopa kwa hatimiliki. Hawa hudanganywa na madalali wa kesi kwamba wakifilisika, shamba limepona. Si kweli. Kufilisika hakumzuii mwenye dhamana kuuza alichowekewa. Kinga ya mkulima hapa imo katika Sheria ya Ardhi ya 2012: benki sharti impe notisi ya miezi mitatu alipe, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Huo ndio muda wa kuketi na meneja, ama kutafuta wakili anayejua kesi za mashamba yaliyowekwa rehani, hata kama hajawahi kugusa faili ya ufilisi.

Mwenye mali na wadai wengi, ama aliyeletewa hati ya madai ya siku 21, asisite kutafuta wakili. Ila aulize kwanza Chama cha Mawakili iwapo mtu huyo ana leseni ya mwaka huu, kwa maana hutolewa upya kila mwaka. Kisha ada iandikwe: ni ya kazi yote au ya kila hatua? Ada za mahakama zimo ndani? Anayesema atalipwa akishinda tu aepukwe, kwa kuwa Sheria ya Mawakili haitambui mapatano hayo.

Bili ikionekana kubwa kupita kiasi, mteja anaweza kuomba ikadiriwe na afisa wa mahakama. Lakini aliyelipa mkono kwa mkono bila stakabadhi atamwonyesha afisa huyo nini?